Kofia Namba 41

Awino mwanangu,

Kama mji huu wa Kisumu umebakiwa na historia yoyote, ni kwa sababu yangu. Sisemi hivyo ili nijisifu. Wewe mwenyewe unajua ni nani hufungua kile chumba cha nyuma ya ukumbi hapa Kaloleni kila Jumanne, Alhamisi na Ijumaa, na mlango usipofunguliwa hakuna historia inayoingia wala kutoka. Mwalimu Ogweno ni katibu wa chama chetu cha kumbukumbu za mtaa, wengine ni wanachama, lakini Mhifadhi Mkuu ni mmoja tu. Kwenye kitabu cha mikutano wameniandika "mtunza ufunguo". Huo ni wivu.

Nakuandikia kwenye meza ya kulia, saa kumi na moja jioni, wewe ukiwa umeenda kuwaaga wenzako. Begi lako liko mlangoni na auntie yako Peres amelifungua na kulifunga mara tatu tangu mchana. Mambo ya sweta, ya dawa, ya nani wa kupigiwa simu ukifika, hayo ni yake na ameyasema ya kutosha. Mimi nina jambo moja. Nimelibeba miezi mitano nikijaribu kulifikisha mdomoni, na kila likifika kwenye meno linageuka kuwa hadithi ya kiboko. Ndiyo maana leo nimelipitisha kwenye karatasi. Shule nimeenda hadi darasa la sita, hilo unalijua, ingawa kuna watu hapa mtaani nimewaambia kidato cha nne. Usiangalie mwandiko.

Kesho unaenda Eldoret kuuza misumari na simenti katika duka la binamu yako. Sioni ubaya wa misumari. Lakini nilikuwepo siku barua ya chuo cha Nairobi ilipofika, ile ya kukuita ukasomee kutunza kumbukumbu. Uliisoma ukiwa umesimama, ukaketi, ukaisoma tena, halafu ukaenda kunawa mikono kana kwamba utaichafua. Na nilikuwepo ulipoikunja na kuiweka chini ya godoro, baada ya yale mambo ya Mama Zuhura. Ulimwambia auntie yako, "Mtu anayepoteza vitu vya watu hawezi kwenda kusomea kuvitunza." Mimi nilikuwa nakunywa chai. Nilimeza, nikaomba sukari.

Nianze mbali kidogo. Nikianza karibu nitakimbia.

Mama yako, dada yangu Pamela, alipofariki ulikuwa na miaka sita na mwili mzima umejaa surua. Hatukuweza kukubeba. Tulikuacha kwa Mama Zuhura, nyumba ya tatu kutoka yetu, tukaenda kumzika nyumbani Seme. Niliporudi ulikuwa umekaa kwenye ngazi yake, umejifunga leso yake, umepakwa kitu cheupe uso wote. Ukaniuliza mama yuko wapi.

Mimi ni mtu ambaye ana jibu la kila kitu. Nimewahi kuwaeleza wazungu watatu, kwa mfululizo, kwa nini ziwa hili halina chumvi. Lakini siku hiyo nilitafuta jibu nikakosa, nikachukua la karibu. Nilikuwa nafanya kazi bandarini, kwa hiyo nikachukua meli. "Amepanda meli," nikasema. "Ameenda Mwanza kufanya kazi. Atakutumia nguo."

"Nani alisema?" ukaniuliza.

Mtoto wa miaka sita! "Nahodha," nikakwambia. "Nahodha mwenyewe, rafiki yangu."

Hukuamini, nadhani. Uliamini wiki moja baadaye, nilipokuja nyumbani na ile kofia yangu ya nahodha kichwani. Kofia ni hadithi yake peke yake na nitaifikia. Ninachotaka kusema ni kwamba uliivaa ikakufika puani, na kuanzia siku hiyo ukawa unaniomba kila Jumamosi nikupeleke bandarini. Tulikuwa tunakaa juu ya magunia. Magugu ya maji yalikuwa yamefunga gati lote, kijani hadi macho yanapoishia, hakuna chombo kinachoingia. Wewe ulikuwa unangoja nguo. Mimi nilikuwa nakununulia njugu na kukusimulia jinsi nilivyotembea juu ya magugu hayo kutoka Dunga hadi gatini bila kiatu kulowa.

Halafu mtoto mwenzako shuleni akakwambia, mama yako alikufa, sisi tulienda matanga. Ulirudi nyumbani ukasimama mbele yangu na begi mgongoni. Hukulia. "Mjomba, nani alisema meli?"

Yawa, Awino. Nikaanza hadithi ya kiboko. Ile ya kiboko aliyeniuliza njia. Ulinisikiliza hadi nusu, ukatoka, ukaenda kwa Mama Zuhura, ukalala huko siku tatu. Siku ya nne alikuleta akikushika mkono na akaniambia pale mlangoni, mbele ya auntie yako, "Abonyo, huyu mtoto usimdanganye tena, atakuja kukuhitaji." Nikamwambia sawa. Niliona nimesema sawa vizuri sana.

Sasa tuje kwenye kompyuta.

Ulipomaliza shule, ile kompyuta ya chama ilikuwa imekaa mwaka mzima imefunikwa kitambaa cha meza, kwa sababu mtu aliyetupatia hakutuonyesha pa kuanzia na Mwalimu Ogweno alisema italeta joto. Wewe ndiye uliyekitoa kitambaa. Nakumbuka wazee walivyokuja na vitu vyao wakidhani utaviandika siku moja viishe, na wewe ukawaambia polepole, kitu kwanza kipate namba. Penseli laini nyuma ya picha, wala si kalamu ya wino, kwa sababu wino hupita upande wa pili na kumchafua mtu uso. Kilebo cha karatasi na uzi kwa vitu vya chuma, zile pasi za makaa na taa za reli. Namba inaandikwa kwenye daftari kubwa, halafu kwenye jedwali la kompyuta. Namba moja kwa kitu kimoja, na kitu kikipotea namba yake haipewi kingine, inabaki pale kama kiti cha mtu aliyesafiri. Nilikuuliza kwa nini, si tunamaliza namba bure? Ukacheka: "Mjomba, namba haziishi."

Kila kitu mstari wake. Safu ya kwanza namba, ya pili kitu chenyewe, halafu aliyetoa, halafu sanduku gani, halafu maelezo. Na mwisho ukaongeza safu yako mwenyewe ambayo haikuwa kwenye mfano wowote: Nani Alisema.

Mwalimu alikuja juu. "Hii ya nini, binti? Historia ni historia."

"Mwalimu, historia ina mdomo," ukamwambia. "Nataka niandike ni mdomo wa nani."

Mwalimu akavua miwani akaifuta na tai. Wengine walisikia maneno ya akili. Mimi peke yangu, pale kwenye kiti cha dirishani, nilimsikia mtoto mwenye begi mgongoni. Niliwaambia wote wewe umefundishwa na mimi, na kwa njia mbaya ilikuwa kweli.

Watu walikuja kuipenda safu hiyo. Hata hadithi yangu ya magugu uliiandika, kwenye mstari wa ile kamba ya gatini, na pembeni ukaweka: Mjomba Abonyo. Sikuona ubaya. Jina langu lilikuwa limeingia kwenye mashine.

Tulipofika vitu arobaini nikaona ni wakati. Nikaleta kofia. Uliipokea kwa mikono miwili, ukaigeuza, ukaangalia ndani kwa muda, ukaigeuza tena. "Nani alisema ni ya nahodha?" ukauliza. "Mimi niliyevishwa," nikasema. Ukaandika. Wiki iliyofuata Mwalimu akachapisha orodha, akaibandika ukutani ili wageni waisome, na mimi nikaenda mbio kutafuta jina langu.

Namba 41. Kofia ya nahodha. Aliyetoa: Abonyo. Nani alisema: mtoaji mwenyewe. Haijathibitishwa.

Vitu arobaini na mimi peke yangu ndiye niliyepewa neno hilo. Mwalimu akapita nyuma yangu akasoma kwa sauti, akasema, "Abonyo, hata kompyuta imekukataa!" Chumba kizima kikacheka. Wewe hukucheka. Nilidhani ni kiburi.

Nililibeba neno lile kama mtu aliyekaa juu ya mwiba na hawezi kuinuka mbele ya watu. Tukafika vitu mia, mia tatu, mia sita, na mimi kila nikipita ukutani nilisoma lile lile. Hadi Jumatano moja. Ulikuwa umeenda Kondele kutafuta wino wa printa. Chumba hakifunguliwi Jumatano, lakini ufunguo anao nani?

Awino, ni mimi. Niliingia nikawasha kompyuta nilivyokuona ukifanya. Jedwali likafunguka, na likawa refu, yawa, linashuka kama barabara ya Sondu. Sikutaka ubaya na mtu. Nilitaka neno moja, nilifute, nifunge, niende nyumbani. Lakini sikuliona jina langu, na nilikuwa nimekuona ukibonyeza kile kialama chenye A na Z, majina yakajipanga. Nikabonyeza juu ya safu ya waliotoa, ile safu ikageuka rangi, nikabonyeza kialama. Kikatokea kidirisha kikaniuliza swali refu kwa Kiingereza. Neno moja nililitambua, la kuendelea. Nikachagua hilo, kwa sababu mimi si mtu wa kurudi nyuma.

Majina yakapanda na kushuka. Langu likaja juu kabisa, Abonyo, nikafurahi. Lakini pembeni yake hapakuwa na kofia. Palikuwa na kinu. Nikashuka chini sana, nikaona jina la Mama Zuhura, na pembeni yake picha ya fahali aliyeshinda kwenye maonyesho ya kilimo. Majina yalikuwa yamehama na vitu vimebaki. Kila mtu amepewa kitu cha mwenzake. Nikataka kufunga, kompyuta ikaniuliza kama nihifadhi. Chama chetu kazi yake ni nini? Nikasema ndiyo.

Nikafunga mlango. Nikamwambia auntie yako naumwa na tumbo.

Ijumaa ulifanya ulichofanya kila Ijumaa, ulinakili jedwali kwenye flashi, juu ya nakala ya zamani, ndipo la sawa likafutika kila mahali na kosa langu la Jumatano likawa kosa lako. Ningeweza kukwambia Alhamisi. Siku moja tu ile. Nimeihesabu hiyo Alhamisi mara nyingi kuliko siku zangu zote. Nilikuwa na ufunguo, nilikufungulia mlango, ukaniambia, "Mjomba, leo uko kimya." Nikakusimulia kiboko.

Kilichofuata unakijua wewe zaidi yangu, lakini acha nikiandike, ili uone ninakijua. Ile familia ya Sondu ilikuja, nyanya yao amefariki, na alikuwa ameomba azikwe na picha ya mumewe aliyefanya kazi ya reli, ile waliyotuachia sisi tuitunze. Ukatafuta jina lao kwenye jedwali, likakupa namba 117. Ukatoa 117. Kijana amesimama studio, mikono kiunoni, viatu vinang'aa. Wajukuu hawakuwahi kuiona sura ya babu yao akiwa kijana. Mmoja akageuza nyuma akasoma ile penseli: "Viatu ni vya kuazima." Akacheka huku analia. "Huyu ni babu kabisa, alikuwa na maneno!" Ukawajazisha fomu, wakaenda, Jumamosi wakamzika nyanya yao na picha kifuani.

Na Mama Zuhura akaja Jumanne moja kama kawaida yake. Alituletea picha ile kwa sababu nyumba yake inavuja na mchwa wamekula ukuta, si kwa sababu hakuitaka. Alikuwa anakuja kukaa nayo kwenye benchi, ameigeuzia kifuani hamwonyeshi mtu, anakunywa maji, anaondoka. "Nileteeni bwana wangu," akasema. Ukampa sanduku kama jedwali lilivyosema. Akalifungua, akamwona fahali.

"Mwanangu, huyu si yeye," akasema. "Shingo wamefanana, lakini si yeye."

Tulicheka sote. Ulicheka hata wewe, kidogo. Halafu ukafungua sanduku la pili, na la tatu, na kicheko kikaanza kutuishia mmoja mmoja. Siku mbili ulitafuta. Ni lile daftari kubwa ambalo tangu kompyuta ije tuliliandika tu bila kulisoma ndilo lililosema ukweli: 117, mume wa Mama Zuhura. Mwalimu akapiga simu Sondu. Walilia, waliomba msamaha, lakini kaburi lilikuwa limeshamwagiwa simenti. Babu yao wa kweli bado yuko kwenye sanduku letu, ana ndevu, hawajaja kumchukua.

Skana ya kuazima kutoka maktaba ilikuwa imefika sanduku la sita. Mume wa Mama Zuhura alikuwa la kumi na moja. Ulikuwa umepiga kwa simu migongo tu ya picha, kwa ajili ya kunakili maandishi. Kwa hiyo kitu pekee ulichoweza kumpa Mama Zuhura ni picha ya mgongo wa mumewe, karatasi ya kahawia na maneno manne ya penseli. Ulimpelekea mwenyewe. Mimi nilibaki nyuma ya mlango nikisema nafunga dirisha.

Kwenye mkutano Mwalimu aliuliza, "Nani anatumia kompyuta hii?"

"Mimi, Mwalimu."

"Wewe na nani?"

"Mimi peke yangu."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, nimeushika hadi ukanichora kiganja. Unajua nilichosema? Nilisema labda umeme ulikatika. Halafu nikaongeza, au ni virusi. Ndio msaada niliokupa. Wewe ukasema hapana, umeme haupangi majina kwa alfabeti, ni mtu, na mtu ni wewe hata kama hukumbuki. Wiki tatu ulikaa na daftari ukarudisha kila jina mahali pake, vitu mia sita na kitu, halafu ukaiweka flashi mbele ya Mwalimu na hukurudi tena. Tangu siku hiyo ukienda dukani unazunguka nyuma ya nyumba ili usipite kwa Mama Zuhura.

Leo mchana nimeenda kwa Mwalimu Ogweno. Alikuwa anamwagilia sukuma wiki zake.

"Abonyo," akasema bila kugeuka, "kama ni kiboko, nina kazi."

"Si kiboko. Ni ile kompyuta. Ni mimi."

Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama kwenye matope. Sikuongeza kitu. Ilikuwa fupi sana, sikujua kwamba jambo lote linaweza kusemwa kwa muda wa kujaza ndoo. Mwalimu akaweka chini kopo la maji.

"Miezi mitano," akasema, "mimi nampita mtoto huyu njiani sijibu salamu yake."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa nakuona."

Akakaa juu ya jiwe. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa nimejiandaa, hata ningependa. Aliniuliza tu, "Na ulikuwa unataka kufuta neno gani?" Nikamwambia. Akakumbuka utani wake wa ukutani, nikaona amekumbuka, na hapo ndipo alipofunika macho. "Basi tuko wawili," akasema. Akaingia ndani akaandika barua, akapiga simu chuoni mbele yangu. Nafasi yako ipo hadi Ijumaa. Barua yake iko kwenye bahasha hii, na ile nyingine ya chini ya godoro nimeichukua nikaiweka pamoja nayo, unisamehe kwa kuingia chumbani kwako.

Akaniambia, "Sasa twende kwa mwenyewe." Nikamwambia miguu inauma. Akanishika mkono wa shati kama mwanafunzi.

Mama Zuhura alikuwa anachagua mchele. Ile karatasi yako iko ukutani, ameiwekea plastiki. Alinisikiliza mikono yake ikiendelea, anatoa jiwe, anatupa, anatoa jiwe. Nilipomaliza akatoa jiwe jingine. Halafu akasema, "Kwa hiyo mume wangu analala Sondu na mke wa mtu."

"Nisamehe, Mama."

"Na viatu vya watu." Akacheka, na kicheko kikavunjika katikati, Awino, na sisi wanaume wawili tukasimama pale hatujui pa kuweka mikono. Alilia kwa sauti. Kwa miezi mitano hakulia, alikuwa anakuonea huruma wewe. Alipomaliza akajifuta kwa leso akasema, "Abonyo, mimi nilikwambia nini pale mlangoni kwako, mtoto nimemshika mkono?"

"Nisimdanganye tena."

"Basi nenda ukamwambie. Na mwambie apite mbele ya nyumba yangu, si nyuma. Aje aniage kama mtu."

Kwa hiyo nimekwambia. Eldoret ukitaka, nenda, binamu yako ni mtu mzuri na misumari haidanganyi. Lakini usiende kwa sababu ya kosa, kwa sababu kosa lina mwenyewe na ametajwa hapa kwa jina. Katika mambo yote niliyoyafanya kwenye nyumba hii, kitu kimoja tu kimenyooka, ni lile swali lako, na hata hilo lilinyooka kwa kunikwepa mimi. Nisingependa likaishie kwenye kaunta.

Nilidhani maisha yangu yote kwamba hadithi ni zawadi. Mtu ana huzuni, unampa kiboko. Sikuona kwamba wewe ulikuwa unabaki na kiboko mkononi na bado hujui mama yako yuko wapi. Yule mume wa Mama Zuhura alijua. Alipiga picha moja nzuri ya maisha yake, akaigeuza, akaandika kwamba viatu si vyake. Nimemfikiria sana mtu huyo. Ameniaibisha kuliko Mwalimu.

Nasikia sauti yako kwa jirani, kwa hiyo nimalizie.

Kuna mstari mmoja kwenye jedwali ambao bado si sawa. Mwalimu amesema uusahihishe wewe kesho asubuhi kabla ya kuondoka, kwa maana mimi nimekatazwa kugusa kompyuta ile hadi nife. Nitakufungulia mlango. Siku ile ulipoigeuza ile kofia na kuangalia ndani, nilidhani unatafuta jasho la nahodha. Leo ndipo nimejua ulichokiona, na kwamba ungeweza kukiandika ukutani watu wote wasome, na badala yake ukachagua neno moja la upole, ambalo mimi nililiona tusi. Andika hivi:

Namba 41. Kofia. Aliyetoa: Abonyo. Ilinunuliwa na yeye mwenyewe sokoni Kibuye, siku ya Jumapili, kwenye rundo la mitumba, wiki moja baada ya mazishi ya dada yake, ili mtoto aamini. Ndani ina lebo ya bendi ya shule ya ng'ambo. Hakuna nahodha aliyewahi kumjua. Nani alisema: mtoaji mwenyewe.

Imethibitishwa.

Mjomba wako,
Abonyo, mtunza ufunguo